Jibu la Somoe kuhusu kanuni na nadharia

Nimeficha jambo miaka thelathini, na leo marehemu amenisemesha.

Nimelazwa wodini, macho hayaoni tena.
Mara sauti sikioni:
"Shikamoo, Mwalimu. Kanuni inasema bibo litaangukaje kutoka mkorosho. Nadharia inaeleza kwa nini linaanguka. Hata ikithibitishwa, haigeuki kuwa kanuni."

Mwili ukanisisimka. Sauti ya Somoe, mwanafunzi wangu wa Newala. Nilimzika mimi!

"Marahaba," nikajibu, nikivuta shuka kujifunika.

"Usiogope, Babu. Mimi ni nesi, mwana wa Somoe. Mama alisema ulimchapa kwa jibu hilo, akaacha shule. Alikosea wapi?"

Jamani, ninyi mngejibu nini?

Darasani nilikuwa nimefundisha kwamba nadharia ikithibitishwa huwa kanuni.
Somoe hakukosea. Nilijua hivyo nikiwa bado nimeshika fimbo.