Dirt bike ya umeme, ndogo au yenye nguvu? Mlima wa Manga na mama yangu walinijibu

Wakuu, salamu kutoka Manga, Nyamira. Haya yamenipata mwenyewe, na mama yuko jikoni hapa. Nikiongeza chumvi atanikosoa.

Magoti ya mama yalikataa mlima. Kanisa letu liko juu ukingoni, na yeye kila Sabato alibaki nyumbani na redio. Boda za petroli hataki, eti kelele zake zinamtetemesha mpaka meno.

Nikaanza kuota dirt bike ya umeme, ile pikipiki ya njia mbovu. Asubuhi ukungu ukilala kwenye majani ya chai, najiona tunapanda kimya kimya, mama nyuma na leso yake. Kikombe kinapoa mkononi na mimi sijarudi kutoka ndotoni.

Muuzaji mmoja Kisii mjini alikuwa nazo mbili, zote kiti cha watu wawili: ya bei nafuu yenye mota ndogo, na kubwa yenye nguvu. Akakubali nijaribu moja moja.

Ndogo niliijaribu peke yangu, ikapanda freshi. Ijumaa nikachaji kabla ya jua kutua, Sabato nikampakia mama. Kwenye mwinuko wa mwisho ikagoma kabisa.

Nikasukuma, mama amekaa juu kama bibi harusi. Tulicheka, lakini alikuwa amefumba macho. Iliniuma sana.

Sabato iliyofuata nikaja na kubwa. Wakuu, ile kitu inaruka! Tulifika mama hajamaliza ubeti mmoja wa wimbo aliokuwa akiimba.

Baada ya ibada akaninunia.

"Umenipitisha watu wote bila salamu. Sasa wanasema naringa."

Kweli, huku hupiti mtu njiani hivi hivi. Na hii haina mlio, hakuna anayekusikia ukija.

Nilinunua hiyo hiyo kubwa, nikaiweka eco, ile hali ya mwendo wa pole. Sabato juzi tulipanda mwendo wa mtu anayetembea. Ukungu, ndege, harufu ya udongo mbichi. Mama "Bwakire!" kulia, "Bwakire!" kushoto, salamu yetu ya asubuhi kwa Kikisii, kila mtu na jina lake. Nilitamani mlima usiishe.

Jirani mmoja akasimama, akamshika mkono.

"Ni wewe? Tulidhani watoto walikuhamisha Nairobi."

"Hapana," mama akasema. "Nilikuwa tu hapo chini."

Tulifika mahubiri yameanza. Hakuna aliyejali.

Funzo langu: usijaribu pikipiki peke yako. Jaribu na yule utakayembeba, kwenye mlima wenu wenyewe. Nguvu nunua, lakini si lazima uitumie yote.

Wenye hizi za umeme, semeni: nyuma yako hukaa nani?