Batulo Akishafunga Kompyuta

Nianze kwa kusema ukweli, msije mkaniona mwema bure: nilimwonea Batulo wivu kwa miaka miwili mizima, na sehemu ya huo wivu bado ninayo. Si wivu wa mali. Nyumba zetu hapa Komarock ni za kodi moja, ghorofa moja, mlango unaangalia mlango. Kazi yetu pia ni moja. Sote wawili tunarekebisha hitilafu za programu ambayo kampuni yetu huuzia hospitali za ng'ambo, na sote tunafanyia kazi nyumbani. Kilichoniuma ni kwamba saa kumi na moja na nusu jioni Batulo alifunga kompyuta, na akishafunga, amefunga.

Nilikuwa namsikia. Kitasa kinalia, watoto wake Anisa na Hamse wanashuka ngazi mbio, naye anafuata polepole na kiti cha plastiki mkono mmoja, kikombe cha chai mkono mwingine. Anakaa uani anawatazama wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na watoto wa ploti mpaka adhana ya magharibi. Mimi wakati huo niko dirishani na hedifoni masikioni, kwa sababu huko ng'ambo ndiyo kwanza wanakunywa chai ya asubuhi na kila mmoja ana swali. Namwona akicheka. Nikiwaambia nilimtakia mema nitakuwa nawadanganya. Kuna siku nilitamani kiti kivunjike.

Lakini mjue kwanza ni nani. Batulo alizaliwa Majengo, binti wa mzee Nuradin aliyekuwa muuza vitambaa. Amenisimulia mwenyewe alivyokuwa akifanya babake wakati wa swala ukifika. Hakushusha mlango wala hakutia kufuli. Aliweka kigoda katikati ya mlango, akaenda msikitini. Mteja akikuta kigoda, anajua. Mmoja atasubiri, mwingine atavuka kwa jirani, na mzee akirudi haulizi ni nani aliyevuka. Batulo alikua akiona hivyo, akaenda chuo, akasomea kompyuta, tukaajiriwa siku moja. Siku hiyo hiyo ya kwanza, wakati mimi nawaandikia wakubwa kwamba napatikana saa yoyote, yeye alifungua kalenda ya kampuni, ile ambayo kila mtu huona mwenzake yuko wapi, akajaza vipindi vya swala, na kuanzia saa kumi na moja na nusu akaandika "Nyumbani". Nikasema moyoni, huyu hamalizi mwezi.

Akamaliza mwezi, akamaliza mwaka. Phares, mkubwa wetu, akamzoea kama mtu anavyozoea mvua ya Aprili. Mimi niliyejitoa mzimamzima nilikuwa nashika simu hata harusini, hata nikiwa na dawa ya nywele kichwani kwa msusi. Mwezi wa pili mwaka huu nikafanywa kiongozi wa timu. Nikaona basi, nimempita. Batulo akaniletea sahani ya sambusa kunipongeza, nikazila zote nikiwa wima jikoni, na saa kumi na moja na nusu nikasikia kile kitasa. Roho ikaniuma palepale.

Aliyenimaliza kabisa ni Mwelu, binti yangu. Ana miaka sita. Babake yuko Mombasa na kazi ya reli, huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani ni sisi na dada wa kazi. Mwelu alikuwa ameingia kwenye ule mchezo wa kati, na kila jioni anarudi na jina moja mdomoni. Mama Anisa amesema hivi. Mama Anisa hufunga viatu hivi. Jino lake la kwanza lilipong'oka nilikuwa kwenye mkutano. Alikuja mlangoni akapanua mdomo nione, nami nikainua kidole kumwambia angoje. Mkutano ulipoisha nikatoka mbio, nikamwambia alete jino tulirushe juu ya paa kama mama alivyonifanyia mimi.

"Tulisharusha," akasema.

"Wewe na nani?"

"Na Mama Anisa. Kwa paa ya kibanda ya soja wa geti. Aliniinua juu kabisa."

Nilimwosha miguu. Jino la kwanza ni moja tu. Batulo ana watoto wawili wenye vinywa vimejaa meno, wangu alimtakia nini? Najua hakumwita, mtoto alikwenda mwenyewe. Lakini hasidi hana sababu.

Kesho yake nikafanya upumbavu wangu. Nilifungua kalenda, nikachagua saa kumi na moja na nusu hadi kumi na mbili na nusu, kila siku ya kazi, nikaandika "Maombi". Kanisa letu lina maombi Jumatano tu, na Jumatano zenyewe siendi. Lakini nilijiambia, kama yeye anapewa saa kwa sababu ya dini, hata mimi nilibatizwa. Phares akakubali baada ya dakika mbili bila swali. Hilo nalo likaniudhi: kumbe ilikuwa rahisi hivi?

Siku mbili nilishuka uani. Siku ya tatu simu ikaita.

"Kasiva, najua uko kwa maombi," Phares akasema. "Ni dakika tano tu."

Batulo angeiacha iite. Mimi niliishika kabla haijaita mara ya pili, nikapanda ngazi nikimwomba msamaha kwa kuchelewa. Dakika tano zikawa arobaini. Kesho yake vivyo hivyo. Wiki ya pili ilipokwisha nilikuwa nimerudi dirishani na hedifoni yangu, huku kalenda inatangaza kwamba Kasiva yuko katika maombi.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumanne asubuhi Batulo akabisha. Nilimkaribisha, hakukaa.

"Mama Mwelu, nikuulize kitu na usikasirike. Kanisa yenu iko na maombi kila jioni?"

Nilijifanya nafuta meza.

"Phares alinipigia jana. Ameniambia wewe hushika simu hata ukiwa kwa maombi, sasa mimi nashindwa aje. Anataka nianze kushika."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sitashika. Akitaka kunifuta kazi, anifute. Lakini miaka miwili, hajawahi kuniuliza hilo swali."

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi wivu ulinipanda mpaka utosini. Nikamwambia ni rahisi kwake kujibu hivyo, kwa kuwa hana timu ya kuongoza, hana watu wanaomtegemea. Batulo akarekebisha mtandio wake.

"Hiyo timu waliniuliza mimi kwanza," akasema taratibu. "Januari. Nikawaambia jioni sipatikani, ndiyo wakakuja kwako. Sikukuambia kwa sababu niliona umefurahi sana."

Akaenda kuanza kazi. Nilibaki nimesimama mlangoni. Nikazikumbuka zile sambusa, na nilivyozila nikijiona mshindi, nikaona haya hadi masikio yakawaka moto. Kitu nilichokuwa nikimringia kichinichini ni kitu alichokikataa. Na ile saa niliyomwonea kijicho nilikuwa nimeipata, nikaiharibu kwa mkono wangu mwenyewe, na sasa nilikuwa karibu kuiharibu yake.

Siku nzima sikufanya la maana. Saa kumi na moja na robo nikamwandikia Phares. Nilimwambia sina maombi jioni, nina mtoto. Kwamba niliandika uongo, na Batulo asilinganishwe na mimi kwa sababu yeye hajamdanganya mtu. Kwamba kuanzia leo saa hiyo sitashika simu. Niliisoma mara nne kabla ya kuituma. Jibu likaja upesi: kesho tuzungumze kuhusu uongozi wa timu.

Nilijua maana yake. Nilitaka kumjibu, nijieleze, nilainishe maneno, na vidole vilikuwa tayari juu ya herufi. Saa ikagonga kumi na moja na nusu, kitasa cha mlango wa pili kikalia. Nikaiweka simu juu ya friji, nikatoka.

Uani Batulo alinisogezea ndoo iliyopinduliwa nikalie. Mwelu alikuwa katikati ya mchezo, anaukwepa mpira. Aliponiona akasimama, mpira ukampiga mgongoni, wenzake wakapiga kelele kwamba ametoka. Akanijia akiwa anahema.

"Mum, simu yako iko wapi?"

"Iko kwa nyumba."

Akaiangalia mikono yangu, akazunguka akaangalia hata mifuko ya nyuma.

"Umefutwa kazi?"

"Hapana, Mwelu. Nimekuja kukuona ukicheza."

Akanitazama usoni kwa makini, kisha akaenda kumuuliza Mama Anisa kama ni kweli.