Fundi Natividad Akata Bima ya Nguo Zisizo Zake

Saa kumi na moja alfajiri, kanyagio la cherehani linagonga taratibu kwenye ghorofa ya sita ya jengo moja la fleti mjini Iloilo. Natividad Panaguiton (61) anatia kola shati la bwana harusi, la kitambaa cha nyuzi za majani ya nanasi. Chini ya cherehani ametandika blanketi ili jirani wa chini asiamke.

Fleti hii ni jasho lake. Alishona miaka ishirini na sita akilala nyuma ya duka la mwajiri wake, hadi alipoweza kuinunua. "Kila kigae unachokanyaga hapa ni gauni la mtu," anasema huku akitabasamu.

Mwaka jana bomba lilipasuka ghorofa ya juu, maji yakaharibu gauni la bibi harusi alilokuwa akilishona. Natividad hakuwa na hofu, kwani jengo lina bima. Kumbe bima ile ni ya kuta za nje, nguzo na lifti. Vya ndani, kila mtu na vyake. Akauza friji, akanunua kitambaa, akashona upya kwa siku nne. Majirani walimletea chakula kwa zamu bila kuombwa.

Leo anachagua bima yake mwenyewe. Saa moja asubuhi wakala, Rhodora Sumagaysay, anavua viatu mlangoni na kufungua fomu.

"Nang, tuanze na televisheni," anasema, akimwita kama dada mkubwa.

"Anza na hilo shati."

"Shati si lako, Nang. Hapa wanataka mali yako."

"Televisheni ikiloa, nitasikiliza jirani akigombana na mumewe. Shati likiloa, Jumamosi mtoto wa watu aoe na fulana?"

Rhodora anacheka hadi kalamu inamponyoka. Anapekua kurasa, na kweli kipo kifungu cha mali za wateja. Ila ukikiongeza, ada inafika peso elfu tisa kwa mwaka, karibu mapato ya Natividad ya nusu mwezi.

"Basi futa televisheni. Futa na makochi. Bakisha sakafu, kuta za ndani, cherehani na nguo za watu."

"Na vito vya dhahabu?" anauliza Rhodora, akionyesha kopo linalong'aa mezani.

"Dhahabu gani, Inday?" anasema Natividad, naye akimwita kama mdogo wake. "Hivyo ni vifungo."

Ada inashuka hadi elfu sita. Palipoandikwa "mmiliki", Natividad anaandika jina lake lote, polepole, kisha analitazama.

Sasa anapanga kuchukua wasichana wawili awafundishe kushona, kwa kuwa anaweza kupokea nguo nyingi bila moyo kumdunda.

Rhodora anavaa viatu. Natividad anamshika mkono.

"Njoo tena Jumapili, Inday. Nitapika mbaazi na fenesi bichi. Makaratasi yaache ofisini."