Uzi wa Kijani kwenye Daftari

Wiki iliyopita nilipokea barua kutoka Maganzo. Imeandikwa na binti wa mama mmoja ambaye wasomaji wengi wa safu hii hawamjui, nami sitamtaja jina kwa sababu sijioni nina haki hiyo. Mama amefariki. Alizikwa baada ya sala ya alasiri, na barua ikachukua majuma matatu kunifikia. Nimezoea kuwasifu marehemu hapa, na sifa hazinipi taabu, lakini leo naandika nikiona haya. Mama huyu nilimkosea, nikapewa miaka zaidi ya kumi ya kumwomba radhi, na yote nikaimaliza kwa visingizio.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule, kijana wa suruali ya bugaluu na maoni mengi. Mama alikuwa na mgahawa wa chai na vitumbua kando ya barabara kuu. Baba yake alikuwa mtu wa Tabora, mama yake Msukuma, naye kila wateja walipopungua alikuwa akidarizi kofia. Gazeti lililotufikia kwa basi lilikuwa na hadithi ya mfululizo ya inspekta mmoja wa upelelezi, na tuliipenda kupita kiasi. Ila gazeti lenyewe mara lilichelewa, mara halikufika kabisa, na inspekta akabaki amening'inia dirishani mwa ghorofa kwa wiki mbili. Wachimbaji wadogo wa almasi, ambao jioni walikuwa wanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima, wakachoka kungoja. Wakachukua madaftari niliyowagawia kwa ajili ya imla, wakaandika wenyewe sehemu iliyokosekana. Kisha wakanogewa. Inspekta akaanza kupelekwa kusikojulikana na gazeti: akashuka mashimoni, akafukuza wezi wa ng'ombe, hata akaoa huko Runzewe kwa mahari ya kutisha. Mwaka haukuisha, kreti mbili za soda pale mgahawani zikawa zimejaa madaftari, na niseme kweli, mengi yalikuwa hayasomeki.

Sasa mtu katoka shimoni, ana nusu saa ya kunywa chai, atajuaje daftari lipi la kuchukua? Hapo ndipo mama alipokuwa na kazi. Herufi tulizozitumia hakuzijua. Alizijua za chuo cha Kurani tu. Basi kila daftari jipya lilisomwa kwa sauti na mwenyewe aliyeliandika, mama akiwa amekaa na kofia yake mapajani. Sindano ikiendelea kwenda, hadithi imekwama. Sindano ikisimama hewani, wote tulijua. Msomaji akimaliza, mama alilichukua daftari na kupitisha uzi wa kijani kwenye mgongo wake, mishono mitatu, akalirudisha kwenye kreti. Hakuna aliyepiga kura wala kubishana. Mchimbaji aliingia, akapitisha kidole kwenye migongo ya madaftari, akachukua lenye uzi. Nilijua madaftari yenye tahajia ya kuliza mwalimu ambayo yalipata uzi, na yalistahili.

Na mimi nikaandika langu, kurasa arobaini, mwandiko wa ubaoni. Nikamsomea mama mchana mmoja mbele ya wateja, na ile sindano haikusimama hata mara moja. Alidarizi ua zima la kofia nikiwa nasoma. Nilipomaliza alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, Kiswahili chako kizuri sana," alisema. "Ila huyo inspekta wako tangu asubuhi hajala, na wala hajali. Mtu gani huyo?"

Watu walicheka kidogo, bila ubaya. Mimi moyo uliniuma vibaya sana. Nilijiambia kwamba mwanamke asiyejua kusoma hawezi kumpima mwalimu. Siku ya pili alipoingia ndani kugeuza vitumbua, nilikata uzi kwenye kibunda chake, nikaenda nao nyumbani, nikashona mishono mitatu kwenye mgongo wa daftari langu, nikapiga fundo, na kesho yake nikalichomeka kwenye kreti ya juu.

Haikupita wiki. Mchimbaji mmoja alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto, amevunjwa mguu na kifusi, na kaka yake akaja kumchukulia daftari. Alitaka moja tu, lenye uzi, na mkono wake ukaangukia langu. Siku chache baadaye alirudi amekasirika. Mgonjwa alikuwa amelingoja kwa hamu, wodi nzima ikakusanyika kusikiliza, na wakaishia ukurasa wa sita. Akaliweka mezani, akasema kwa adabu iliyokuwa mbaya kuliko matusi kwamba sasa wameelewa, mama anawapendelea walimu.

Mama alilishika daftari, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo. Kidole kikafika kwenye fundo, kikasimama. Mdarizi wa kofia hapigi fundo, kwa kuwa fundo humwumiza mvaaji kichwani. Ncha ya uzi huifukia chini ya mishono. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale, na kikombe mkononi. Akaninyanyulia macho, akanipa muda wa kusema. Nikanywa chai.

"Uzi ni wangu," akamjibu yule kaka. "Mpe mdogo wako pole. Mwambie nimekosea."

Toka siku hiyo hakushona tena daftari lolote. Watu walimsihi, akasema macho yake yamechoka, huku akidarizi kofia hadi jua linazama. Kreti zikabaki pale, watu wakichukua daftari kwa kubahatisha, na kwa kubahatisha wakachoka. Walioandika vizuri hawakuonekana tena tofauti na sisi wengine, wakaacha. Mwaka uliofuata madaftari yalikuwa yakifungia vitumbua, na mimi nikaomba uhamisho.

Nimefikiri sana tangu barua ifike. Siku hizi vijitabu vya hadithi vimejaa stendi, kila jalada linaapa kwamba ndani ni moto, na sisi wa magazetini tunasifiana kwa zamu. Msomaji ana nusu saa yake tu. Anayemwambia "soma hiki" ameweka uso wake rehani, na uso wa yule mama, ulioaminiwa na watu waliokuwa hawaaminiani hata kwenye kuchekecha kokoto za almasi, niliuchezea mimi kwa kijiuzi cha kuiba. Ninaona aibu kuandika sentensi hiyo chini ya picha yangu.

Binti anaandika kwamba kwenye sanduku la kofia wamekuta daftari moja, mwandiko mzuri, jina langu ndani, uzi na fundo lake vikiwa palepale. Miaka yote waliruhusiwa kugusa kila kitu isipokuwa hilo. Mama alikuwa akiwaambia, "Liacheni. Mwenyewe atakuja kulifungua."

Kutoka hapa Shinyanga mjini hadi Maganzo si safari ya kutwa. Nimepita pale kwa basi mara nyingi, na kila mara niligeukia dirisha la upande wa pili.