Mchana Tuliopanda Mlima na Paluku

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu picha za vijana wa Kinshasa wakipanda mlima Mangengenge, wamebeba chupa za maji, wanacheka. Nilimrudishia simu haraka.

Mimi nilipanda mlima na mama nikiwa mtoto, mchana mmoja, mvua ilipokuwa imekata barabara ya hospitali kwetu kijijini, upande wa Musienene. Mdogo wangu Paluku alikuwa mgongoni mwake ndani ya kitenge, akikohoa, kifua kikilia kama filimbi. Nilidhani tunatembea tu. Mikaratusi ilinukia dawa. Mama aliteleza, akainuka, akateleza tena.

"Masika, tembea mbio!" aliniita.

Karibu na kilele, kifua cha Paluku kilinyamaza. Nilifurahi.

"Mama, Paluku amepona! Hapana kukohoa tena."

Mama alisimama. Alipeleka mkono nyuma, akaushika mguu wa mtoto, hakuuachilia. Leo najua kwamba Paluku alikuwa amekwisha kufa, na kwamba mama alijua. Lakini hakufungua kitenge.

"Tukimbie," alisema. "Munganga wa hospitali atamuona."

Akaanza kukimbia, nami nikamfuata nikicheka kwa nguvu, nikidhani anataka tushindane.