Mvuke Mchana wa Ramadhani

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usilainishe neno kwa kuwa habari yenyewe ni ya mama yako.

Katika nyumba yetu hii ya Kibera, upande wa kuelekea Ayany, tumbaku ilikuwa jambo la wanaume. Mimi niliivuta ujanani, nikaiacha. Mjomba wako aliianza kabla hajaota ndevu, hakuiacha. Mama yako hakuwahi kuigusa. Vipande vya sigara vya kaka yake alivifagia huku amebana pua.

Kisha mjomba wako akawa anakohoa hadi anashika ukuta. Akaenda Kawangware, akarudi na kidude cha rangi ya waridi, mfano wa kalamu nene, wanachokiita vepu.

"Mzee, hiki hakina moto. Ni mvuke tu, wa stroberi. Kitaniachisha sigara."

"Na hiyo sigara iliyo nyuma ya sikio lako?"

"Hiyo tunaagana."

Waliagana muda mrefu. Nje alivuta sigara, ndani alivuta kidude. Lakini sigara zikapungua, mwishowe zikakoma, na siwezi kumnyima haki yake: yeye kilimfaa. Nilimruhusu akivute sebuleni. Sisi tunafukiza nguo kwa udi tangu enzi za babu zetu. Nani kwetu angeogopa moshi unaonukia vizuri?

Mama yako akasema kwa mzaha, "Kaka, nionjeshe peremende yako." Haukupita muda akawa na chake, akikining'iniza shingoni chini ya mtandio.

Ikaingia Ramadhani. Kwetu, mwezi huo ndio mizani ya mvutaji. Mjomba wako anajua kwamba baada ya alasiri ndipo roho humwaka, basi hunawa uso, hulala mkekani, wala hamjibu mtu. Amejifunza hivyo mwaka baada ya mwaka. Mama yako alikuwa hodari wa njaa na kiu tangu utotoni, lakini kiu hii hakuijua. Aliunguza sambusa za kuuza. Aliwatukana wateja. Adhuhuri moja nikamkuta nyuma ya bafu, mvuke umemzunguka.

"Baba, hata udi una moshi, na haufunguzi saumu."

"Udi huunyonyi."

Akalia. Akakivua, akakiweka mkononi mwangu. "Nifichie, Baba. Hata nikilia, usinipe mpaka magharibi."

Nilikifungia sandukuni. Mjomba wako akaketi naye akimfundisha, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. "Nawa uso, dada. Lala. Usiitazame saa."

"Wewe lala. Mimi nina unga wa kukanda."

Siku chache alivumilia, nami nikaanza kutumaini. Kisha alasiri moja akaja mbele yangu, mikono ina unga hadi viwikoni, akapiga magoti.

"Baba, kidogo tu."

"Uliniambia nisikupe."

"Wewe ulivuta! Unajua!"

"Ndiyo maana sikupi."

Alinitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia bila hodi. Akainuka, akatoka na unga wake mikononi. Nikamwambia mjomba wako amfuate. Alirudi peke yake, akasimama mlangoni.

"Mzee, amenunua sigara pale kibandani."

"Nani? Yeye?"

"Ameiwasha mwenyewe. Hata hakukohoa."

Mimi nilipovuta ya kwanza nilikohoa hadi nikatapika, na aibu ile ilinizuia mwezi mzima. Yeye hakupata hata kizuizi hicho. Kile cha mvuke kilikwisha kumtengenezea njia kooni.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Tulikuwa na tende na uji, hakuna aliyenyoosha mkono. Mama yako akaingia na harufu ileile ya sigara aliyokuwa akiibania pua, akaketi mbali na mkeka. Mjomba wako alisogea kumfariji, kisha nikaona pua yake ikimcheza kwa hamu ya zamani, naye akarudi nyuma upesi.

Nikafungua sanduku. Mimi, niliyewahi kutupa pakiti ya sigara za mwanangu chooni, nilimpelekea binti yangu kidude kwa mikono miwili, nikamsihi.

"Chukua hiki, mama. Vuta hiki, ile uiache."

Alikipokea kwa adabu. Akavuta mara moja, akasubiri, akavuta tena. Akanirudishia.

"Hakinifikii tena, Baba," akasema, na akauliza kama kuna mwenye kiberiti.