Breki za Mtani Wangu

Mimi ni fundi wa breki za malori hapa Masuguru, Korogwe, na nina mtani. Yeye ni dereva, Mzigua wa Handeni, mtu wa makamo kama mimi. Babu yangu alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge, na utani wa Wanyamwezi na Wazigua ni wa tangu enzi. Kwa hiyo mtu huyu akifika gereji hanisalimii kama watu wengine. Huniuliza kama nimeshamaliza ule mkonge alioniachia babu. Nami humuuliza kama mvua imenyesha Handeni, maana naona leo ameoga.

Tumefanyiana mengi. Niliwahi kumwambia ekseli yake imepasuka, akalala vumbini na tochi akitafuta ufa, mimi nacheka mpaka mbavu zinauma. Yeye alinipigia simu kwamba amekwama njiani, nikapanda bodaboda na mfuko wangu wa spana, nikamkuta kwa mama ntilie anakula wali maharage. Alikuwa amenibakizia maharage tu.

Asubuhi moja akapita nimwekee grisi. Alikuwa anakwenda Lushoto kupakia kabichi, na lori lilikuwa tupu. Nikaingia chini, na kwa mazoea nikatupia jicho breki za nyuma. Breki hizi ni za upepo. Dereva akikanyaga, upepo unasukuma chuma, chuma kinageuza mkono, na mkono unatanua lainingi zikamate dramu la gurudumu. Lainingi zikilika bila mkono kukazwa, chuma kinalazimika kusafiri mbali zaidi ndipo zikamate. Nikachora alama ya chaki kwenye kile chuma, nikamwambia akanyage. Chuma kikatoka karibu chote.

"Mtani," nikasema, "breki zako za nyuma hazipo."

Akacheka huko juu kwenye usukani. "Na ekseli je? Leo haijapasuka?"

Nikatoka nikamweleza kwa utulivu. Lori tupu linasimama hata kwa breki za kubabaisha. Lakini ukishuka mlima wa Soni na mzigo, dramu linapata moto na kutanuka, na kile chuma kinafika mwisho kabla lainingi hazijakamata vizuri. Unakanyaga, upepo unalia kama kawaida, na lori linaendelea na mambo yake.

Akanisikiliza kwa makini sana, halafu akaniambia kwamba nimeboresha, ile ya ekseli ilikuwa ya kitoto. Akawasha lori.

Nikaona nimpate kwa njia nyingine. Nikarudi chini, nikafungua vali ya tanki la upepo. Upepo ukatoka wote, na lori likajifunga, kwa sababu upepo ukiisha kuna springi kali zinazobana magurudumu ya nyuma. Akatia gia, lori halitikisiki. Aliufurahia mchezo ule kuliko yote niliyowahi kumfanyia. Akashuka, akafunga vali, akarudi kukaa na injini ikinguruma, akisubiri tanki lijae aende zake.

Hapo nikalipuka. Nikamwita mpumbavu, nikamwita kichwa maji, na sikuwa natania hata kidogo. Mate yalinitoka. Alipoona hivyo akapiga makofi, akanyoosha mkono nje ya dirisha.

"Umekasirika. Lete jogoo."

Kwetu ndivyo ilivyo: mtani akikasirika anatozwa faini ya jogoo. Wala hakuna anayeilipa. Unakana kwamba umekasirika, mwenzako anashikilia, mnavutana mwaka mzima, na huo ndio utamu wenyewe.

Nikasimama pale nikamtazama. Mzigua huyu akifa, mimi ndiye ninayetakiwa kwenda Handeni, nijilaze kaburini mwake, nikatae kutoka mpaka nilipwe, ili waliofiwa wapate kucheka. Nikajiona nimelala mle. Niliogopa, nasema kweli.

Nyumba yangu iko nyuma ya gereji. Nikaenda mbio, nikamkamata jogoo wetu mkubwa mwekundu. Mke wangu akauliza kuna mgeni gani wa kuchinjiwa asubuhi yote hii. Nikasema Mzigua. Akadhani nimerukwa na akili.

Nikamsukuma yule jogoo ndani ya dirisha la lori, nikamwachia mapajani. Mtani wangu akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akatazama tena jogoo. Kicheko kikamkauka.

"Umelipa?"

"Nimelipa."

Akaangalia mshale wa upepo. Ulikuwa umepanda, angeweza kuondoka. Akazima injini.

Tukaweka magogo kwenye magurudumu, na safari hii alilala chini pamoja nami bila kuambiwa. Nikakaza skrubu ya mkono wa kwanza mpaka lainingi zikakamata dramu, nikailegeza kidogo ili gurudumu lizunguke bila kusuguana, nikahamia upande wa pili. Akapanda akakanyaga. Chuma kikatoka kidogo tu, kikatulia. Akarudi kulala pembeni yangu, akitazama juu kwenye uvungu wa lori lake.

"Kwa hiyo ningekufa," akasema, "ungekuja kunitania?"

"Nisingeweza."

"Ungefanya nini?"

"Ningelia."

Nilisikia jogoo akiparuaparua kiti huko juu.

"Mtani haruhusiwi kulia msibani," akasema. "Hiyo nayo ni faini. Lete na mtetea."

Nikafuta mikono, nikarudi nyumbani kumkamata.